Seva ya kurekodi televisheni nyumbani: hitilafu zinazojirudia na namna ya kuzitatua

Mwongozo huu ni wa anayerekodi chaneli za bure za antena kwa mtambo wake mwenyewe: Raspberry Pi 4 au kompyuta ndogo ya mtumba, tyuna ya USB ya kunasa mawimbi, diski ya nje, programu ya Tvheadend ya kurekodia, na mara nyingi Jellyfin au Kodi ya kutazamia. Amri zote ni za Raspberry Pi OS au Debian.

Kabla ya kugusa chochote, hesabu vipande. Malalamiko mengi hayatokani na kifaa kibovu bali na mtambo uliorundikiwa vitu: Tvheadend imewekwa ndani ya Docker (programu inayofungia programu nyingine kwenye kasha lake), rekodi zinasafirishwa kwa Wi-Fi hadi diski iliyo chumba kingine, Jellyfin ina ratiba yake ya kurekodi na Kodi nayo ina yake. Mtambo wa hivyo ukigoma hujui uanzie wapi. Mpangilio unaostahimili ni antena, tyuna, mashine moja, diski moja iliyochomekwa kwenye mashine hiyo hiyo, na waya wa mtandao hadi kwenye ruta. Tvheadend peke yake ndiyo irekodi. Jellyfin isome folda ya rekodi kama inavyosoma folda ya filamu, basi. Ukiwa na zaidi ya hapo, punguza kwanza, halafu ndipo utafute hitilafu.

Vitu vinne vya kuangalia kila mara, tatizo liwe lipi:

- `vcgencmd get_throttled` kwa wenye Raspberry Pi. Jibu zuri ni `0x0`. Ukiona `0x50000`, umeme ulipungua wakati fulani tangu mashine iwashwe; `0x50005` maana yake hata sasa hautoshi.
- `df -h` kuona diski imejaa kiasi gani, na kama kweli imeunganishwa.
- `timedatectl` kuona saa na eneo la saa.
- Ukurasa wa Tvheadend kwenye kivinjari (andika anwani ya mashine ikifuatwa na `:9981`), sehemu ya Status, kisha Stream, wakati chaneli inachezwa.

Tyuna haionekani kabisa

Sababu inayoongoza ni umeme. Raspberry Pi 4 hutoa ampea 1.2 tu kwa milango yake yote minne ya USB ikijumlishwa. Diski ya inchi 2.5 inaweza kula karibu ampea nzima inapoanza kuzunguka, na tyuna ikidai chake, mmoja wao anaachwa. Chaja ya simu ndiyo mshukiwa wa kwanza: Pi huanza kulalamika volti zikishuka hadi 4.63 hivi, na waya mwembamba wa simu hupoteza kiasi hicho bila shida. Tumia adapta ya volti 5.1 na ampea 3, na diski uipitishie kwenye habu ya USB yenye adapta yake ya umeme.

Kisha endesha `lsusb`. Tyuna isipokuwemo kwenye orodha, badili mlango, badili waya, ijaribu kwenye kompyuta nyingine. Ikiwemo lakini `ls /dev/dvb` haionyeshi `adapter0`, huenda kinachokosekana ni programu ya ndani ya tyuna, ile faili ndogo inayopakiwa kila mashine inapowaka. Endesha `sudo dmesg | grep -i firmware`. Tyuna zenye chipu ya Si2168, ambazo ni nyingi, hulalamika hivi: `Direct firmware load for dvb-demod-si2168-b40-01.fw failed with error -2`. Jina la faili unalotafuta limeandikwa hapo hapo. Mradi wa LibreELEC una hifadhi ya faili hizi iitwayo dvb-firmware. Chukua ile yenye jina lile lile herufi kwa herufi, iweke `/lib/firmware`, zima mashine kabisa, chomoa tyuna, rudisha, washa. Kuwasha upya bila kuchomoa wakati mwingine hakusaidii kitu, kwa sababu tyuna haijakatiwa umeme.

Kama `adapter0` ipo lakini Tvheadend haiioni, tatizo ni ruhusa. Akaunti inayoendesha Tvheadend huitwa `hts`, na `groups hts` lazima itaje `video`. Isipotaja, `sudo usermod -aG video hts` kisha anzisha Tvheadend upya.

Tyuna ikiwa ya moto hadi huwezi kuishika, au plastiki yake imejikunja, ichomoe na uiache. Haitengenezeki.

Tyuna ipo, lakini chaneli hazipatikani

Hapa watu hupoteza fedha. Vile vijiti vya bei rahisi vilivyoandikwa "DVB-T+DAB+FM", ambavyo ndani vina chipu za RTL2832U na R820T, hunasa DVB-T, mfumo wa televisheni ya kidijitali ya antena, wa kizazi cha kwanza tu. Matangazo yetu ya antena, Kenya na Tanzania, yako kwenye DVB-T2, kizazi cha pili. Kijiti kitatambuliwa vizuri, taa itawaka, utafutaji utaenda hadi mwisho na hakuna chaneli itakayotokea, leo wala mwakani. Hakuna programu ya kukigeuza. Vinavyofanya kazi ni kama Hauppauge WinTV-soloHD, WinTV-dualHD yenye tyuna mbili, au kadi ya TV HAT ya Raspberry Pi yenyewe. Dukani, iwe Luthuli jijini Nairobi au Kariakoo jijini Dar es Salaam, usiridhike na "hii ni digital": tafuta alama ya T2 kwenye boksi.

Tyuna ikiwa sahihi, sababu inayofuata ni masafa. Orodha zinazokuja na Tvheadend nyingi ni za miji ya Ulaya. Ingiza mwenyewe. Kila furushi la chaneli, ambalo menyu huliita Mux, hukaa kwenye masafa yanayopatikana kwa hesabu rahisi: namba ya chaneli ya UHF (masafa yanayobeba televisheni ya antena) mara 8, jumlisha 306, unapata megahezi. Chaneli ya 21 ni 474. Tvheadend inataka hezi, kwa hiyo unaandika `474000000`. Aina iwe DVB-T2 na upana MHz 8. Vingine viache AUTO. Namba ya chaneli ya UHF utaipata kwenye king'amuzi au televisheni ya nyumbani, ukurasa wa taarifa za mawimbi.

Furushi likishika mawimbi lakini huduma hazitokei, jaribu kubadilisha PLP ID (namba ya mkondo wa data ndani ya furushi) iwe 0, kisha 1. Huduma zikitokea lakini chaneli hazionekani kwa watazamaji, umesahau hatua ya mwisho: Services, kisha Map services.

Jambo la antena yenyewe: kwenye mapaa mengi bado kuna zile ndefu za VHF za enzi za analojia, zenye vyuma vya karibu mita na zaidi. Hazifai kwa UHF hata zikiwa juu kiasi gani.

Picha inakatika vipande vipande, sauti inaruka

Hii ndiyo hitilafu inayoripotiwa kuliko zote, na karibu kila mtu huanza kwa kununua antena mpya. Subiri. Fungua Status, Stream, cheza chaneli inayosumbua, na tazama namba mbili kwa dakika tano: Uncorrected Blocks na Continuity Errors.

Zikipanda zote mbili pamoja, mawimbi yanafika yakiwa mabaya: tatizo liko kati ya antena na tyuna. Ikipanda Continuity Errors peke yake huku Uncorrected Blocks imetulia kwenye sifuri, mawimbi yalifika salama na data ikapotelea ndani ya mashine: USB, umeme, au kichakataji kilichoelemewa. Antena ya bei yoyote haitakusaidia.

Kwa upande wa antena, anza na jaribio la bure: chomeka waya ule ule kwenye televisheni au king'amuzi. Nako pia picha ikikatika, iache kompyuta, haina kosa. Kisha:

1. Viungio. Fungua kiungio cha F na ukitazame kwenye mwanga. Shaba ya katikati inatakiwa kung'aa na kutokeza milimita 2 hadi 3 mbele ya ukingo. Uzi mmoja tu wa ule wavu wa nje ukiigusa, hiyo ni shoti. Ukijani kwenye shaba ni maji yaliyoingia, na pwani, kwa chumvi ile, huanza mapema. Usiusugue. Kata sentimita 10 za waya, menya upya, weka kiungio kipya, funga kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe.
2. Vigawanyaji. Kila kigawanyaji cha njia mbili huondoa takriban dB 4, yaani zaidi ya nusu ya nguvu ya mawimbi. Nyumba yenye vitatu mfululizo kati ya paa na seva imejiumiza yenyewe. Seva ipate tawi la kwanza.
3. Kikuza mawimbi. Aliye mbali na mnara anakihitaji, kikae juu karibu na antena. Aliye karibu kinamharibia: tyuna inaelemewa na picha inakatika vilevile. Nguvu ikisomeka kubwa sana huku SNR (kipimo cha mawimbi dhidi ya kelele) iko chini, kiondoe kikuza ujaribu bila hicho. SNR ikiwa chini ya dB 18 hivi, tarajia matatizo.
4. Mnara wa simu. 4G ya megahezi 700 na 800 iko jirani mno na UHF ya televisheni. Dalili yake ni chaneli za masafa ya juu kuharibika peke yake, hasa jioni watu wakiwa kwenye simu. Kichujio cha LTE huchomekwa kabla ya kikuza mawimbi, si baada yake.

Kwa upande wa mashine, mkosaji wa kawaida ni diski ya USB 3.0 iliyobanana na tyuna. Bandari na waya za USB 3.0 hutoa kelele za redio, na tyuna iliyochomekwa sentimita mbili kutoka hapo huzisikia. Tumia waya wa kurefusha USB wa nusu mita, ipeleke tyuna kwenye bandari ya USB 2.0, ile nyeusi, na diski ibaki kwenye ya buluu. Halafu rudi kwenye `get_throttled`. Ukiona bado mambo ni yale yale, zima kila kitu kingine kinachokula kichakataji, hasa Jellyfin inapochambua picha za jalada na vijipicha vya filamu.

Usipande paa mvua ikinyesha au radi ikisikika, na mlingoti wowote unaoweza kuangukia nyaya za umeme usiuguse, mwite fundi wa antena. Mlingoti wa chuma unahitaji kuunganishwa ardhini. Kazi hiyo si ya kukisia, mwachie fundi umeme mwenye leseni. Kama radi imepiga karibu na tyuna haifanyi kazi tangu hapo, usichomeke tyuna mpya kwenye waya ule ule kabla kikuza mawimbi na adapta yake havijakaguliwa.

Rekodi haikuanza, au ilianza saa si yake

Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Umeme ukikatika saa 11 jioni na kurudi saa 1 usiku, mashine inaamka ikidhani bado ni saa 11, mpaka intaneti imsahihishe. Ruta ikichelewa kuamka, au bando limeisha, saa inabaki nyuma na rekodi inaanza muda ambao kipindi kimekwisha. Watu huilaumu Tvheadend bure. Endesha `timedatectl`, unataka kuona `System clock synchronized: yes`, na eneo liwe `Africa/Nairobi` au `Africa/Dar_es_Salaam`.

Dawa ya kudumu ni kijimoduli cha saa cha DS3231. Kinachomekwa kwenye pini za GPIO, kisha unaongeza mstari `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye `/boot/firmware/config.txt`, unaondoa kifurushi cha `fake-hwclock`, unawasha upya, na `sudo hwclock -r` ikujibu saa sahihi. Raspberry Pi 5 inayo saa ndani tayari, ila betri yake unainunua kando. Kompyuta za mezani za mtumba hazina shida hii, isipokuwa betri ya CR2032 kwenye ubao mama iwe imekufa, na kwa mashine ya miaka minane mara nyingi imekufa.

Saa ikiwa sawa, angalia hizi:

Ratiba iliyoingizwa kwa mkono. Tvheadend hutumia saa 24. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ni 20:00. Anayeandika 02:00 atapata rekodi ya marudio ya usiku wa manane.

Ratiba ya vipindi iliyopotoka. Vituo vingine hutuma mwongozo wa vipindi kwa saa za hapa vikidai ni UTC (saa ya kimataifa ya marejeo), na ratiba nzima inahama kwa saa tatu kamili. Fungua Networks, tafuta EIT time offset, badili kutoka UTC kwenda saa ya seva. Kama kituo hakitumi ratiba kabisa, au kinatuma kipindi cha sasa na kinachofuata tu, achana na kurekodi kwa jina la kipindi. Tumia Timers kwa siku na saa. Ni njia ya kizamani na haikosei.

Ujumbe wa "No free adapter". Tyuna moja husikiliza furushi moja kwa wakati mmoja. Inaweza kurekodi chaneli tatu kwa mpigo zikiwa furushi moja, lakini chaneli mbili za mafurushi tofauti haziwezi. Mtego uko kwenye dakika za ziada: umeweka 15 baada ya kila kipindi, cha kwanza kinakwisha 20:00, cha pili kwenye furushi jingine kinaanza 20:00, na kwa robo saa tyuna imeshikwa. Punguza dakika za ziada, au nunua tyuna ya pili. Na hakikisha Jellyfin haijapewa ratiba yake ya kurekodi, maana nayo huishika tyuna kimyakimya.

Kwa mpira, weka dakika 5 kabla na 45 baada. Muda wa nyongeza na penalti havimo kwenye ratiba ya mtu.

Rekodi inaishia katikati

Angalia ukubwa wa faili kwanza. Zikiwa zote zimegota karibu GB 4.3, diski yako imeumbwa kwa mfumo wa faili wa FAT32, ambao haukubali faili moja kuzidi hapo. Chaneli ya megabiti 5 kwa sekunde huandika GB 2.25 kwa saa, kwa hiyo rekodi hufa ikiwa na saa 1 na dakika 54, mechi ikiwa dakika za mwisho. Hamisha vilivyomo, kisha uumbe diski upya kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux. Kuumba upya hufuta kila kitu. Soma jina la diski mara mbili kwenye `lsblk` kabla ya kubonyeza.

Hesabu ya nafasi: megabiti kwa sekunde mara 0.45 ni GB kwa saa. Diski ya TB 1 inabeba takriban saa 440 za chaneli ya megabiti 5. Weka Tvheadend ifute rekodi za zamani yenyewe, la sivyo itajaa ukiwa safarini.

Kuna hitilafu moja ya kijanja zaidi. Umeme umerudi, diski imechelewa kuamka, haikuunganishwa, lakini folda ya `/mnt/rekodi` ipo kwa sababu ni folda ya kawaida kwenye kadi ya memori. Tvheadend inaandika humo bila kulalamika hadi kadi inajaa, na kadi iliyojaa huizuia mashine nzima kufanya kazi. Diski ikiwa haijaunganishwa, endesha `sudo chattr +i /mnt/rekodi`: folda tupu inakataa kuandikwa, na diski ikiunganishwa juu yake kila kitu kinaenda kama kawaida. Kisha `sudo systemctl edit tvheadend` na uandike:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/mnt/rekodi
```

Kwenye `/etc/fstab` itambue diski kwa UUID (namba yake ya kipekee, utaiona kwa `blkid`), si kwa `/dev/sda1`, na uongeze `nofail` ili mashine iwake hata diski ikikosekana.

Rekodi zikikatika bila mpangilio na `dmesg` imejaa `I/O error`, soma hali ya diski kwa `sudo smartctl -a -d sat /dev/sda`. Namba yoyote juu ya sifuri kwenye Current_Pending_Sector ni onyo: nakili unachokipenda leo. Diski ikigonga-gonga au kukwaruza, ichomoe mara moja. Usiendeshe `fsck` (amri ya kukarabati mfumo wa faili), usijaribu kuiwasha tena na tena. Kama ndani kuna picha za harusi na si mechi tu, ipeleke kwa mtaalamu wa kuokoa data ikiwa imezimwa.

Rekodi nzima ipo, ila kuitazama kunakwama

Ifungue faili kwa VLC kwenye seva yenyewe au kwenye kompyuta iliyounganishwa kwa waya. Ikicheza vizuri, rekodi ni nzima na shida iko njiani: mara nyingi Wi-Fi, mara nyingine ubadilishaji wa muundo. Kivinjari hakichezi faili za televisheni kama zilivyo, kwa hiyo Jellyfin huzigeuza palepale, na Pi haina misuli hiyo. Pi 5 ndiyo kabisa, haina hata kifaa cha ndani cha kufungua video za H.264. Tumia Kodi yenye kiongezi cha Tvheadend HTSP, au programu ya Jellyfin ya Android TV, ambazo hucheza faili bila kuigeuza. Ukilazimika kugeuza, nunua kompyuta ndogo ya ofisini ya mtumba yenye Intel Core i5 ya kizazi cha 6 au zaidi, uwashe Quick Sync (kifaa cha Intel cha kugeuza video) kwenye mipangilio ya Jellyfin.

Faili ni nyeusi au ni sifuri

Chaneli imefungwa kwa msimbo. Angalia alama ya kufuli kwenye orodha ya Services. Chaneli za kulipia za GOtv na StarTimes ziko hivyo, na Tvheadend haizifungui bila kadi na ruhusa ya kampuni. Wanaouza "laini" za kugawana kadi mtandaoni wanauza wizi, na seva yako huwa wazi kwao. Ziondoe chaneli hizo kwenye orodha ili mtoto asizipangie rekodi. Kama chaneli iliyofungwa ni ya bure na king'amuzi cha jirani kinaionyesha bila malipo, itafute kwenye furushi jingine. Chaneli moja inaweza kurushwa na wabebaji zaidi ya mmoja.